Mshono wa Koti la Oronzo

Mimi napiga ngoma kubwa, na mpiga ngoma kubwa huwekwa nyuma kabisa ya jukwaa, kama kabati lililokosa pa kuwekwa. Haletewi maua. Watu wakisinzia wanamlaumu yeye kwa kuwaamsha. Ila kule nyuma kuna faida yake, nayo ni kwamba unaona migongo. Kwa miaka thelathini na minne nilisimama nyuma ya Oronzo Melcarne, mpiga tarumbeta wa bendi ya mji wetu wa Specchiarosa, na mgongo ule naujua kuliko anavyoujua mwenyewe, maana yeye hajawahi kuuona.

Koti la sare yetu lina mshono mmoja unaoshuka katikati ya mgongo. Oronzo akivuta pumzi kidogo, mshono unatikisika tu. Akivuta pumzi kamili, unabana mpaka unaona uzi mmoja mmoja. Mkewe Cosima aliushona upya mara tatu, na kila mara alimwambia kama ana haja ya kupasua kitu, apasue kuni.

Kazi yake hasa ni fundi viatu. Mafundi viatu wote duniani hubana misumari midomoni wakifanya kazi, yeye hapana. Misumari yake hukaa kwenye kisosi, anaichukua mmoja mmoja taratibu kama mtu anayechambua mchele, ndiyo maana kubadilisha kisigino kwake ni wiki nzima. Ukimlalamikia anakuonyesha mdomo wake kwa kidole. "Huu si wangu," anasema, "ni wa bendi." Watu wananuna, wanaondoka, na wiki inayofuata wanarudi na kiatu kingine.

Kwetu hakuna jumba la opera, na mwimbaji wa opera hajawahi kufika Specchiarosa, labda awe amepotea njia. Opera tunaletewa na bendi, siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, juu ya jukwaa la mbao la duara linalosimamishwa uwanjani mbele ya kanisa. Haimbi mtu. Tarumbeta dogo ndilo binti, tromboni ndiye baba mtu, na klarineti ni ule umati unaolialia nyuma yao. Maneno hayatamkwi, lakini yamo. Bibi zetu waliyapokea kwa bibi zao, na ukitazama viti vya mbele utaiona midomo inacheza bila sauti. Wapo kati yao wasioweza kuandika majina yao, ila opera nzima wanayo kichwani, na ole wako uikosee. Kwa hiyo Oronzo, mwanamume wa kilo tisini mwenye masharubu, amekuwa binti wa mlinzi wa mnara katika opera yetu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na hakuna aliyewahi kumcheka kwa hilo.

Nilikuwepo siku ya kwanza alipopewa sehemu hiyo. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, yeye na miaka ishirini na mitatu, mimi ishirini. Ni pale binti anapofukuzwa na baba yake. Amesimama nje kwenye baridi, anasema: Usiufunge mlango, baba. Hilo neno baba linaanzia chini na kuishia juu, juu kweli kweli, kwenye noti ambayo ukiikosa mji mzima una habari kabla hujafika nyumbani. Oronzo aliipiga ikalia kama kengele. Wanaume walirusha kofia. Mimi mwenyewe nilisahau kuwa nina kazi ya kufanya.

Aliposhuka jukwaani, uso umemng'aa, alimkuta msichana mmoja amesimama njiani na pakiti ya dengu za kukaanga mkononi.

"Wewe ndiye binti?" msichana akamuuliza.

"Ndiyo mimi," akasema Oronzo. Kichwa kilikuwa kimevimba, alidhani anaombwa busu.

"Basi umemkata baba yako vipande viwili."

"Baba yupi?"

"Baba! Umesema ba, ukapumua, halafu ba. Nani anamwita baba yake hivyo? Labda mwenye kwikwi."

"Mimi sipigi maneno, dada. Mimi napiga noti."

"Hata kuku anadonoa," msichana akasema. "Punda wewe." Akatia dengu mdomoni, akaenda zake.

Sasa nimtetee kidogo ndugu yangu. Kila mpiga tarumbeta hupumua pale. Noti iko juu, unaiogopa, unataka kuingia nayo ukiwa na kifua kilichojaa. Kwingineko wangemsifu kwa ujanja. Ni kwetu tu ambako mtu anaweza kupiga noti zote sawasawa na bado akaambiwa amekosea neno.

Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne akanijia. "Pantaleo, yule msichana wa dengu ni nani?"

"Cosima. Yuko banda la tumbaku. Usiende, ana ulimi kama wembe."

Akaenda. Nilimfuata, maana sikutaka kusimuliwa. Wanawake walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, kila mmoja na sindano ndefu bapa, wanatunga majani mabichi ya tumbaku. Unachoma jani baada ya jani mpaka sindano ijae, halafu unayasukuma yote kwa pamoja kwenye uzi. Oronzo akasimama mbele ya Cosima, kofia mkononi, akamwambia amekuja kufundishwa maneno. Wanawake wote wakapiga kelele za furaha kana kwamba ameingia bwana harusi, naye Cosima hata hakucheka.

"Kaa chini," akamwambia. "Kila jani ni silabi. U, si, u, fu, nge." Alikuwa anayachoma moja moja. "M, la, ngo. Sasa tazama hapa. Ba. Ba. Sindano imejaa, ndiyo unasukuma. Ukishasukuma ndiyo unavuta pumzi. Ukisukuma kabla, jani linachanika, na msimamizi ananikata mshahara mimi, si wewe."

"Na kama pumzi inaniishia?"

"Ongeza kifua."

Aliongeza. Majira yote ya baridi alipanda ngazi za mnara wa kanisa mara mbili kwa siku akisema Usiufunge mlango, baba, kwa pumzi moja, mpaka padri akamuuliza kama ana matatizo nyumbani. Vuli iliyofuata alimwoa Cosima, na mimi nikawa msimamizi wao wa ndoa. Tangu siku ile namwita shemeji, naye ananiita Kabati.

Kila sikukuu Cosima alibeba kiti chake kutoka nyumbani, kile kifupi cha majani makavu, akakiweka mstari wa kwanza, mbele ya Oronzo. Muziki ukianza, midomo yake inaanza. Oronzo alimtazama yeye. Hakuwatazama walimu wa bendi, na walimu sita waliopita walilijua hilo na kulivumilia, isipokuwa mmoja aliyemtupia kijiti chake cha kuongozea. Alipumua mkewe alipopumua. Na baada ya onyesho, watu wakimpiga mabegani na kumwaga sifa, yeye alishuka akaenda kusimama mbele ya kile kiti, jasho linamtiririka, akingoja.

"Baba kafika mzima," Cosima alikuwa akisema. Basi. Sifa ni hiyo moja tu kwa miaka thelathini na minne, na Oronzo aliiendea kila mara kama mtoto anayeendea peremende.

Mwezi wa pili wa mwaka themanini na nane Cosima alipatwa na kiharusi akiwa anamenya viazi. Upande wa kulia ukafa ganzi. Mguu ulirudi kidogo kidogo kwa msaada wa fimbo, mkono haukurudi, na maneno hayakurudi hata moja. Mwanamke aliyeweza kumnyamazisha padri na muuza samaki kwa sentensi moja, akawa anakaa dirishani amenyamaza, anatazama barabara.

Daktari alimwambia Oronzo maneno yamo ndani, ila njia imeziba. "Usimwambie sema. Ukimwambia sema, hawezi. Yakija yatakuja yenyewe, akiwa hajajiandaa."

Oronzo alitaka neno moja tu. Hakutaka sentensi, hakutaka hata jina lake. Aliniambia hivyo katika karakana yake, nyundo mkononi. "Neno moja, Pantaleo, ili nijue kwamba yumo." Kuanzia hapo akaanza vituko. Alivaa kofia mezani, jambo ambalo Cosima hakuwahi kumruhusu hata siku ya harusi. Alipigilia kisigino nyuma mbele akakiacha pale atakapokiona. Aliingia jikoni na buti lenye matope. Cosima alitazama kofia, kisigino, matope, kisha akageuza uso wake dirishani.

Siku moja nilimkuta amekaa tu, hana kiatu mapajani.

"Jana nilitia sukari kwenye mchuzi wa nyanya," akasema. "Vijiko vitatu."

"Akafanyaje?"

"Akala."

Akalia mbele yangu, mwanamume mzima, na mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaanza kumpangia misumari kwenye kisosi.

Nyumbani alimpigia tarumbeta vilevile. Kile kipande cha binti alikipiga kila jioni kabla ya chakula, safi, pumzi mahali pake. Midomo ya Cosima haikucheza hata kidogo.

Mwaka huohuo tulipata mwalimu mpya wa bendi, Belisario, mtu wa mjini mwenye shingo ndefu. Simpendi, na sitajifanya nampenda. Mazoezi ya kwanza tu akalifunika jalada la opera yetu.

"Mzee Oronzo, kipande hiki kimechoka," akasema. "Watu siku hizi wanataka muziki wa sinema."

"Watu gani hao, Mwalimu?" Oronzo akamuuliza kwa adabu.

"Watu, watu. Vijana."

"Vijana wetu wako Torino viwandani. Hapa tumebaki sisi."

Bendi ikacheka, Belisario akawa mwekundu. Ndipo akatoa amri yake mbele yetu sote. Tutapiga kile kipande kwenye onyesho la asubuhi ya sikukuu. Kikienda bila doa, kitabaki majira yote ya kiangazi, na Oronzo atabaki kiti cha kwanza. Kikiwa na kosa, hata moja, kinatoka kwenye orodha, na Oronzo anarudi nyuma kwenye tarumbeta la pili, kule kwangu.

"Sawa, Mwalimu," Oronzo akasema.

Nilikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Nilijiambia, bila midomo ya Cosima huyu mtu amekwisha. Lakini mazoezi saba mfululizo alipiga bila kasoro, macho yake kwenye ukuta mtupu. Mshono ulibana kabla ya Usiufunge, ukalegea baada ya baba. Nilimfuata karakana nimekasirika, najihisi nimetapeliwa.

"Kumbe unaweza bila kumtazama."

"Naweza tangu mwaka wa hamsini na sita."

"Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unamtazamia nini?"

Akachukua msumari mmoja kwenye kisosi, akaugeuzageuza. "Ulitaka nimtazame mwalimu?"

Asubuhi ya sikukuu tulikwenda kumchukua Cosima. Fimbo isingemfikisha uwanjani, kwa hiyo tulimbeba na kiti chake kilekile cha majani, Oronzo upande mmoja, mimi upande wa pili, sote tumevaa sare na tunahema kama ng'ombe. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya zambarau, nywele amechanwa na jirani. Mtaani watu waliinua kofia. Nunziata, yule muuza dengu wa pembeni mwa kanisa, akapaza sauti:

"Mtakatifu wa pili huyo! Mpitisheni huku nimwashie mshumaa!"

Watu walicheka kwa upendo. Mwaka wa nyuma Cosima angemjibu Nunziata jibu la kumfanya afunge biashara. Sote tulisubiri jibu hilo, hata Nunziata mwenyewe, nikaona anaegemea mbele kulipokea. Halikuja. Nunziata akajifuta macho na ncha ya aproni, akamwekea Cosima pakiti ya dengu kwenye mkono ule mzima, bure.

Tulimweka mstari wa kwanza, mahali pake. Saa tano jua lilikuwa kali, mbao za jukwaa zinanuka rangi mpya, uwanja umejaa. Nikapanda kule kwangu nyuma. Mbele yangu mgongo, na juu ya bega la mgongo huo, ukisimama kama ninavyosimama mimi, uso wa Cosima.

Tulipiga maandamano ya kufungulia, tukapiga na kipande cha sinema cha mwalimu, watu wakapiga makofi ya heshima. Halafu ikaja opera. Klarineti zikalia umati wao. Tromboni ikamfukuza binti nyumbani. Kukawa kimya kidogo, kimya kile ambacho bibi wote wa mstari wa mbele hujifunika nacho, na nikaiona midomo yao inajiandaa.

Mshono ukabana. Nilihesabu nyuzi. Sijawahi kuuona umebana vile, pumzi aliyovuta Oronzo ingezima mishumaa ya kanisa zima na bado ikabaki ya kesho. Nikasema moyoni, Belisario, ndugu yangu, kamtafute mwingine wa kumtisha.

Tarumbeta likaanza. Usiufunge. Na hapo nikaona kitu kwenye mapaja ya Cosima. Mkono wake wa kushoto, ule ulio hai, ulikuwa umeweka pakiti ya dengu chini. Kidole gumba na cha pili vilikuwa vinachukua kitu hewani, vinakichoma, vinachukua kingine. Alikuwa anatunga. Midomo imefungwa kabisa, lakini mkono unakwenda na muziki, jani kwa jani. M, la, ngo.

Ba, tarumbeta likasema.

Likanyamaza.

Mabega ya Oronzo yakapanda, akavuta pumzi, wazi, kwa sauti, mpaka mimi nikaisikia nyuma ya ngoma.

Ba.

Uwanja mzima ulifanya ah, kama watu waliomwagiwa ndoo ya maji. Bibi mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa na pigo langu juu ya noti ile, nikalipiga limechelewa, mara ya kwanza tangu nishike ngoma. Belisario alimtazama Oronzo kama anayemtazama mtu aliyetema mate kanisani.

Mimi nilimtazama Cosima. Mkono wake ulisimama hewani, umeshika jani lisilokuwepo. Uso ulijikunja. Wekundu ulipanda kutoka shingoni, na macho yakawa yale ya mwaka wa hamsini na nne, macho ya banda la tumbaku.

"Ba," akasema.

Sauti ilikuwa nene, ya kukwaruza, kama mlango wa ghala. Muziki ulikuwa bado unaendelea. Waliokuwa karibu naye waligeuka papo hapo.

"Ba. Ba." Akapiga paja lake kwa ngumi ya kushoto. "Baba. Baba!" Akamnyooshea Oronzo kidole kwa hasira tupu. "Punda!"

Oronzo alikuwa na mistari minne iliyobaki, na aliipiga yote. Naapa aliipiga. Mshono ulikuwa unaruka ovyo mgongoni, sauti ikatikisika, noti mbili zikatoka zimelowa, lakini binti alimaliza kumuaga baba yake na mlango ukafungwa. Makofi yalikuwa machache sana. Nyuma ya uwanja watu walikuwa wanaulizana Oronzo kapatwa na nini, na mstari wa mbele hakuna aliyepiga makofi kwa sababu wote walikuwa wamemzunguka Cosima wakilia na kumbusu kichwani, Nunziata akimpigia kelele amtukane na yeye, amtukane tafadhali.

Oronzo hakungoja ngazi. Aliruka kutoka jukwaani na kilo zake tisini, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti kile.

"Nimekosea wapi?" akamuuliza.

"Baba," Cosima akasema. "Punda."

"Wapi tena?"

"Punda. Punda."

"Ndiyo, mama," Oronzo akasema. "Ndiyo, mke wangu." Na akaweka uso wake kwenye magoti ya mkewe, kofia ya sare ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

Belisario alikuja baadaye, tulipokuwa tunafungasha. Nitamtendea haki, alivua miwani kabla ya kusema. "Mzee Oronzo, makubaliano ni makubaliano. Kipande kinatoka."

"Kinatoka, Mwalimu," Oronzo akasema, anacheka kama aliyeshinda bahati nasibu. Belisario alinitazama mimi nimweleze, nikajishughulisha na kamba za ngoma.

Tulipombeba Cosima kurudi nyumbani, yeye akiwa juu anamwita mumewe punda kila tulipopita shimo, sikuweza kujizuia.

"Mshono ulikuwa umebana, Oronzo. Mimi sidanganywi. Pumzi ulikuwa nayo."

"Nyumbani angejua namtania," akasema kwa sauti ya chini. "Sukari, kofia, yote alijua. Jukwaani sijawahi kumtania. Siku zote nimempigia kwa uwezo wangu wote." Akabadilisha mkono. "Hata leo."

Kiti kilikuwa kizito, na machozi mtu ukibeba kiti huna mkono wa kuyafuta.

Maneno mengine yalifuata, polepole, kwa mpangilio wake mwenyewe. Kufikia Krismasi alikuwa nayo kama arobaini, na nusu ni ya kutukania. Oronzo alinihesabia moja moja kwa vidole. Mimi nilipata langu mwezi wa kumi na moja, nilipopeleka buti kutengenezwa. "Kabati," akasema kutoka dirishani, na nikarudi nyumbani bila kuliacha buti.

Sikukuu ya mwaka uliofuata Oronzo alikuwa nyuma, kiti cha tarumbeta la pili, ubavuni mwangu. Kwa mara ya kwanza maishani niliuona uso wake akipiga, na si uso mzuri, mashavu kama chura. Kazi ya tarumbeta la pili haina binti wala mnara wala mlango. Ni noti mbili mbili, pa-pa, pa-pa, chini ya muziki wa wengine, mtu yeyote anaweza. Niliona aibu kwa ajili yake. Mbele, mstari wa kwanza, mahali pa Cosima palikuwa patupu, nikadhani amebaki nyumbani ili asione.

Kabla hatujaanza, nikasikia fimbo inagonga mawe nyuma ya jukwaa. Kule hakai mtu, kuna waya za taa na masanduku ya vyombo. Alikuwa Cosima, anakuja kwa miguu yake, na Nunziata nyuma yake amebeba kile kiti cha majani. Akaonyesha kwa fimbo, hapa, kikawekwa hatua mbili kutoka kwa Oronzo, akaketi, akashusha pumzi.

Tukaanza. Pa-pa, pa-pa. Na midomo ya Cosima ikaanza kucheza.

Nilistahimili nyimbo mbili. Ya tatu nikainama. "Shemeji," nikamnong'oneza, "unaimba nini? Sehemu hii haina maneno."

Alinitazama kama wanavyomtazama mpiga ngoma kubwa. Akanyoosha kidole kwenye tarumbeta la mumewe, akalifuata na kidole hicho, noti mbili, noti mbili.

"Baba," akasema. "Baba. Baba. Baba." Kisha akageuka kumtazama Oronzo, ambaye alikuwa anapuliza na mashavu yake ya chura na macho yamemjaa maji. Akamsikiliza mpaka mwisho wa mstari.

"Mzima," akasema.